Mate ya Watu Kumi na Wanne

Jumatatu, 3 Machi
Mvua imeanza. Mpwa wangu, binti wa dada yangu wa pekee, kaniletea madaftari mawili. La bluu ni la mradi wao, niandike kila sigara ninayovuta mpaka mvua ziishe. La pili ndilo hili. "Hili ni lako, mjomba," akasema. "Nakujua. Nisipokupa la hadithi, utajaza hadithi kwenye la bluu."

Niliacha shule darasa la sita, si kwa ujinga. Mwalimu wa hesabu aliona nakaribia kumpita, akaanza chuki. Mwandiko wangu mpaka leo ukiuona utadhani wa karani wa mahakama.

Mpwa wangu yuko kwenye utafiti wa sigara. Anazunguka kwenye karakana na vijiwe kukusanya mate ya wavutaji. Mate! Nilicheka mpaka nikakohoa, na nikishaanza kukohoa mimi, majirani hufunga madirisha.

"Sikiliza, mjomba. Kuna mtu anavuta mbili kwenye sherehe, kesho kasahau. Mwingine akionja tu, ndiyo basi. Sehemu ya sababu iko kwenye vinasaba, yale tunayorithi. Mwili wa huyu unaimaliza nikotini haraka, wa yule polepole."

"Na wasomi wote hao hawajajua?"

"Wanajua kiasi, kwa watu waliowapima. Na waliowapima wengi ni wa ng'ambo. Mambo haya hayafanani kila mahali, na sisi tumepimwa wachache mno. Kwa hiyo dawa ya kuacha ikifika huku, ni kama suruali ya mtumba. Ilikatwa kwa kiuno cha mtu mwingine."

Nikamwambia damu ya ukoo wetu wajihadhari nayo, itawavunjia mashine.

Akanisomea fomu. Ukiamka, inapita muda gani kabla ya sigara ya kwanza? Nikajibu, mpaka nipate chakula cha mchana. Mke wangu alikuwa anakunja nguo pale, akacheka kwa pua. Ukweli ni kwamba mguu wangu haugusi sakafu kabla sijawasha. Lakini mwanamume hawezi kumwambia hivyo mtoto aliyembeba mgongoni.

Anatakiwa apate watu arobaini wa mtaa wetu kabla mwezi haujaisha. Akiwapata, anatolewa juani, anaingizwa maabara kwa mkataba wa kudumu. Tangu akiwa mdogo aliyataka makoti yale meupe.

"Arobaini tu?" nikamwambia. "Karakana yetu peke yake ina watu kumi na watano, wote wanafuka moshi kama matanuru. Niachie mimi."

Jumanne, 4 Machi
Sigara kumi na tisa. Daftari la bluu: tano.

Jumatatu, 10 Machi
Mvua. Mageti mawili hayajachomelewa. Ukishika mashine ya kuchomelea kwenye maji, umeme haukuulizi una watoto wangapi. Mimi ulishanipiga mara tatu, mara ya tatu ukaomba radhi. Sigara ishirini na mbili. La bluu: tano.

Alhamisi, 13 Machi
Nimemwambia mke wangu aache kunisema, kumbe si mimi ninayevuta, ni vinasaba.

"Na dukani," akasema, "vinasaba ndivyo vinavyokwenda kwa miguu?"

Jumanne, 18 Machi
Mpwa wangu amekuja amelowa mpaka kwenye nyusi. Ana watu ishirini na sita. Barabara ya kwao inakatika, lazima arudi leo kwa mama yake na haijulikani atatoka lini, na sanduku la vichupa linatakiwa ofisini keshokutwa. Akakaa kwenye benchi la karakana.

"Mjomba, kanuni inasema kila mtu ateme nikimwona kwa macho yangu. Sijawahi kuivunja."

"Macho yangu na yako si ukoo mmoja?"

"Kumi na wanne. Nusu saa kabla, asile, asinywe, asivute. Mate yafike kwenye mstari huu, povu halihesabiki. Kila mtu na fomu yake. Ukiona hawataki, niambie tu hawataki. Usinifichie."

"Wewe kalale, mama. Mtaa huu nikipiga chafya, watu wanasema afya."

Akaniachia sanduku. Mikono miwili, kama mtu anayekabidhi mtoto.

Jumatano, 19 Machi
Siku ya leo naiandika yote.

Nilipanda juu ya fremu ya geti, nikawahutubia. Nikasema sayansi imeona watu wa huku hatuhesabiki, sasa inatuita. Nikasema mimi mwenyewe nimeshatoa, ingawa zamu yangu ilikuwa bado, na daktari alipoyaona mate yangu alisimama.

Bawaba ndiye mkubwa wetu hapa, tumemwita hivyo kwa sababu hapiti mahali bila kulia magoti. Akasema, "Mate niliyoyameza miaka hamsini, leo niyatoe yakasafiri bila mimi?"

Msasa, fundi wa rangi, mwenye ulimi wa kukwaruza: "Leo mate. Kesho watarudi na ndoo, wanataka figo."

Nikamgeukia Kobe, ambaye hacheki na hana haraka, nikajua huyu ni mtu wa akili. Akanivuta pembeni. "Mke wangu anajua niliacha mwaka juzi. Hiyo karatasi ikitembea ikafika nyumbani, utanilaza kwako?"

Kumbe nusu ya karakana waliacha sigara, kwa wake zao. Mvua ilipopungua kidogo wakaondoka wote, mmoja mmoja, wakinipita kama nguzo. Bawaba akaniachia neno: "Wewe si una mdomo mkubwa? Jaza mwenyewe."

Alisema kwa mzaha. Nikabaki na sanduku.

Nilifikiri hivi, na nilifikiri kwa uaminifu: wanachotafuta ni sigara ndani ya mate. Mate ni mate. Bomba likiwa moja, ukijaza ndoo kumi, maji ni yale yale, na mimi ni mvutaji kuliko wote, basi nawapa yaliyo bora. Kumwambia binti kwamba mjomba wake kahutubia watu wakamwacha amesimama juu ya geti, hapana, hilo halikuwezekana.

Nilianza saa nane mchana. Kichupa cha kwanza ni mchezo. Cha tatu ulimi ukawa kama msasa wa namba arobaini. Cha tano nikakata ndimu, nikaitazama bila kuilamba, maana kanuni ni kanuni. Cha nane nikawaza vyakula vyote nilivyonyimwa utotoni. Na nusu saa bila sigara, mara kumi na nne! Nilisubiri kila moja kwa saa ya ukutani. Vya mwisho nilikuwa nafunga kifuniko mara tatu ndipo kiingie. Hakuna mtu mtaani kwetu aliyewahi kukaa saa saba bila sigara akiwa macho. Mimi nilikaa, kwa ajili ya mpwa wangu.

Fomu ndizo zilizonipa raha. Niliwapa maisha. Mmoja alianza kuvuta jeshini, mwingine alifundishwa na bibi yake, mwingine huvuta akiwa na hasira tu, lakini kaoa wake wawili. Nilibadilisha kalamu tatu, na mwandiko pia, wa kushoto na wa kulia.

Alhamisi, 20 Machi
Maji yamepungua barabarani. Amekuja asubuhi, amehesabu vichupa, macho yakamjaa. "Wote, mjomba? Na Kobe pia?" Nikamwambia Kobe ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni. Alisoma fomu palepale akicheka. Kisha akanikumbatia mbele ya mafundi wenzangu. Bawaba akatazama pembeni.

Jumanne, 1 Aprili
Ameingia maabara. Dada yangu kapiga simu akilia kwa furaha: "Kaka, umemtoa mtoto juani." Nikasema ni kazi ndogo kwangu. Sigara ishirini na nne.

Jumapili, 6 Aprili
Mvua. Hakuna jambo.

Jumamosi, 12 Aprili
Nilijaribu kuacha. Niliacha tangu alfajiri hadi saa tatu na robo. Mke wangu akasema jitu zima limenuna kama mtoto aliyeachishwa ziwa. Nikatoka.

Ijumaa, 25 Aprili
Amekuja karakana saa za kazi, na koti jeupe ndani ya mfuko wa plastiki.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mama. Mbona hivi?"

"Wale watu kumi na wanne walitema wenyewe? Mmoja mmoja?"

"Kuna nini?"

"Mashine inasema ni mtu mmoja. Mwanamume mmoja, vichupa vyote kumi na vinne. Daktari mkuu aliniuliza, huku kwenu pacha huzaliwa kumi na wanne?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba hawakuwa wanatafuta sigara kwenye mate. Walikuwa wanatafuta mwenye mate.

Nilikuwa na dakika hiyo. Naiandika hapa kwa sababu sitaki baadaye nijiambie sikuwa nayo. Grinda zilikuwa zimezimwa, watu wameenda kula, tuko wawili, ananitazama kama alivyonitazama alipokuwa na miaka minne nikimwambia mwezi unatufuata sisi tu.

"Mbele ya macho yangu," nikasema. "Wote. Mashine yenu mbovu. Wiki ile umeme ulikatika mara ngapi?"

Akavuta pumzi. "Nilijua. Nimewaambia niliwaona wote wakitema, mjomba. Nimesema uongo huo mmoja tu, kwa sababu wewe najua hukunidanganya. Daktari anasema huenda sampuli ziligawanywa vibaya hukohuko maabara. Wanachunguza. Mpaka hapo nimesimamishwa."

Sigara thelathini na moja. Daftari la bluu sijaliandika.

Jumamosi, 26 Aprili
Mvua.

Jumapili, 27 Aprili
Mvua. Sijatoka.

Jumatano, 30 Aprili
Bawaba ameniuliza, "Yule binti mbona haonekani?" Nikasema kasafiri, kapelekwa masomoni. Akasema, "Hm." Sikuipenda hiyo hm.

Jumapili, 4 Mei
Dada yangu ameniita nyumbani kwake. Nilipofika, cherehani imefunikwa, viti vimepangwa, nikajua ni kikao. Yeye ni mjane. Baba wa mtoto hayupo, mimi ndiye mjomba, kusema ni kazi yangu.

"Kaka, mtoto ameniaibisha. Kazini wamekuta mate ya mwanamume mmoja kwenye vichupa vyote. Mimi si mjinga. Kuna mwanamume. Kuna mvuta sigara mmoja huko nje anamchezea akili, ndiye aliyemtemea. Muulize ni nani, mimi hataki kunijibu."

"Mama, hakuna mwanamume," akasema binti.

"Mate yalijitema?"

Mpwa wangu alikaa kwenye kigoda, mikono katikati ya magoti. Dada yangu akanitazama akisubiri. Na mimi, mbele ya dada yangu aliyenisifu Aprili nzima, nikafungua mdomo. Nilikuwa nimetoka nyumbani na ukweli mfukoni, naapa. Lakini mdomo wangu una njia yake iliyozoeleka, kama punda wa mchukuzi.

Nikaanza kufoka. Nikasema ni mwanamume gani asiye na haya wa kumponza binti wa watu. Nikasema mtu wa namna hiyo hana mama. Nikasema nikimkamata nitamchomelea kwenye geti. Dada yangu akawa anaitikia, "Mwambie, kaka. Mwambie." Ikawa tamu, Mungu anisamehe, nilipata hata mfano wa fisi na mchunga mbuzi, nikausimulia wote.

Nilipofika kwenye fisi, binti aliinua uso. Alinitazama vidole, hivi viwili vya njano. Kisha akanitazama machoni. Akainamisha kichwa tena, na mama yake akadhani ni aibu.

Nimerudi kwa miguu kwenye mvua. Pakiti nzima ililowa mfukoni, nikazianika juu ya jiko, nikavuta zilivyo.

Jumanne, 6 Mei
Nimekwenda maabara. Sikumwambia mtu. Nilivaa suruali ya msibani.

Daktari mkuu ni mama wa makamo, mfupi, sauti ya chini, mezani kwake kikombe kilichojaa kalamu zisizo na vifuniko. Nikamwambia, "Daktari, yule mwanamume ni mimi." Akaweka kalamu chini.

Nikamweleza ndimu, saa ya ukutani, kichupa cha tano, cha nane. Akasikiliza yote bila kunikatiza, hajawahi mtu kunisikiliza hivyo. Kisha akauliza kwa upole, "Na binti alikuwa wapi?"

Jibu lilikuwa neno moja: kwao. Lakini nikakumbuka kanuni, kwamba alitakiwa awepo, na mwenyewe kaniambia amesema alikuwepo. Nikaona nikisema hakuwepo, namtia hatiani. Nikaona nimkinge.

"Alikuwepo," nikasema. "Amesimama pale mlangoni, macho kama tai. Lakini mimi, daktari, nina ujanja wa kuzaliwa. Nilimzuga."

"Mara kumi na nne?"

"Kila mara nilivaa kofia nyingine."

Hakucheka. Akaandika. Akatoa kichupa droo ya chini. "Tupe na cha kumi na tano, mzee, tuhakikishe." Nikatema mbele yake. Mara ya kwanza kanuni kufuatwa.

Nilipokuwa natoka nikamwuliza, "Basi niambie, damu yangu inasemaje? Ni mimi, au nilizaliwa hivi?"

"Mradi huu hautoi majibu ya mtu mmoja mmoja," akasema. "Na hata ungetoa, vinasaba havitoi hukumu. Vinasema mlima wako ni mkali kiasi gani, havisemi kama utaupanda." Akavua miwani. "Unajua tunaambiwa nini kila tukiomba watu wetu nao wapimwe? Kwamba takwimu za kwetu haziaminiki. Nimepinga neno hilo miaka tisa. Sasa mtu akilisema, nitamjibu nini?"

Mimi nina mdomo wa kujibu watu wote. Nikachukua kofia yangu.

Nimepimwa mara kumi na tano, na sijui chochote.

Jumatatu, 12 Mei
Jua kidogo. Tumechomelea mageti matatu. Sigara thelathini.

Jumatano, 21 Mei
Amekuja nyumbani. Mke wangu alimkaribisha akaenda kuteleka maji ya chai, akachelewa makusudi.

Hakunisalimu. Akabaki amesimama.

"Majibu yametoka. Ni wewe."

"Nimewaambia mimi mwenyewe, mama. Nimejitoa. Sasa watakurudisha."

"Nilikwenda Jumatano ile, mjomba. Siku moja baada yako. Tangu ile Jumapili ya fisi nilijua, nikalala siku tatu naifikiria, nikaenda. Nikamwambia daktari kweli tupu: sikuwepo, nilikuachia sanduku, nilidanganya niliposema niliwaona. Nilitaka anirudishe juani, nianze upya. Yeye anayekuja mwenyewe humsamehe. Amewasamehe wawili kabla yangu." Akameza mate. "Akafungua jalada. Akaniambia, mjomba wako jana amekaa kiti hicho hicho, kasema ulikuwepo mlangoni. Nimwamini nani?"

"Nilitaka kukukinga."

"Kweli ilikushinda kuisema mbele ya mama. Sawa. Ukaenda kuisema kwa daktari, na hata pale ukaitia chumvi. Kofia, mjomba? Kofia kumi na nne?"

Nikamvutia kiti. Hakukaa.

"Wameandika tulipanga wote wawili. Ukoo mmoja, walisema, mjomba na mpwa. Nimefukuzwa, na jina limepelekwa kwenye miradi mingine yote." Akachukua mwavuli wake. "Mama bado anaamini ni mwanamume wa nje. Sijamwambia. Si kwa ajili yako. Hana kaka mwingine."

Mke wangu aliporudi na vikombe viwili vya chai, alikuta mtu mmoja. Akavirudisha vyote.

Alhamisi, 22 Mei
Sijaandika idadi.

Jumapili, 25 Mei
Nilikwenda kwa dada kumwambia. Nilimwambia yote, nikiwa nimesimama, bila mfano hata mmoja. Akaacha cherehani, akanishika mkono. "Kaka, una moyo. Unajitwika uchafu wa mtoto ili nimsamehe. Lakini usimtetee kwa hadithi zako, nakujua." Mpwa wangu alikuwa anapanga nguo zake kwenye begi. Kapata kazi ya kuuza sabuni, mji mwingine. Nikamgeukia anisaidie. Akafunga zipu.

Ijumaa, 30 Mei
Mvua zimekwisha. Habari imefika karakana, sijui kwa njia gani. Leo alikuja mteja wa geti, mgeni kabisa, na Msasa akamkalisha kwenye benchi. "Subiri mzee akupe ile ya mate."

Nikasema sina hadithi leo. Basi wakaisimulia wenyewe, na kwa kweli wanaisimulia vizuri. Ndimu ipo, kofia zipo, sasa zimefika ishirini. Na binti yupo, kasimama mlangoni na fomu mkononi, ananihesabia: mjomba, bado sita, mjomba, bado tano. Mteja alikuwa ameshika mbavu.

Nikazima mashine. Nikavua miwani ya giza ili wanione macho.

"Hakuwepo," nikasema. "Yule mtoto hakuwepo na hakujua lolote. Nilimdanganya. Hiyo ndiyo kweli."

Kisha Bawaba akaanza, mabega yakitikisika, wakafuata wote, hata Kobe ambaye sijawahi kumwona akicheka maishani mwangu. Alijifuta machozi kwa kitambaa cha grisi, akaniwekea mkono begani.

"Mzee," akasema, "hiyo ya mwisho ni kali kuliko zote."